Chakula Bora kwa Fedha Kidogo: Somo Kutoka Njiru



Somo la mwezi huu si la mbegu, wala si la mbolea. Ni somo la jikoni. Huenda mtu akauliza, "Karani wa ofisi ya kilimo anajua nini habari za jikoni?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa ukweli: kwa muda mrefu sikujua kitu. Kazini kwangu, hapa Njiru, huandika kila wiki hesabu ya mboga, maziwa na mayai ya wakulima. Lakini nyumbani kwangu hesabu ya chakula haikuandikwa na mtu yeyote. Nilianza kujifunza siku ile mke wangu aliporudi kutoka kliniki na kijitabu cha mtoto.

Katika kijitabu hicho mna mstari uonyeshao uzito wa mtoto mwezi kwa mwezi. Mstari wa mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, ulikuwa umelala miezi mitatu bila kupanda. Hakuwa na homa, wala hakuwa akihara. Muuguzi alimwuliza mama yake maswali mawili tu: "Anakula nini asubuhi? Na kabla ya chakula cha mchana anapewa nini?" Jibu lilikuwa chai na mkate asubuhi, kisha biskuti. Niliposikia hayo nilikasirika, nikasema, "Lakini twatumia fedha nyingi kwa chakula katika nyumba hii!" Mke wangu akajibu kwa upole, "Ni kweli, Baba watoto, twatumia nyingi. Tuandike basi, tuone zinakwenda wapi."

Tukachukua daftari la shule lililobaki kurasa, tukaandika kila senti ya chakula kwa wiki moja. Mambo niliyoyaona katika daftari hilo ndiyo somo lenyewe.

NJIRU NI MAHALI GANI

Kwa faida ya wasomaji walio mbali, yafaa nieleze kwanza habari za mahali. Njiru iko mashariki mwa jiji la Nairobi, kando ya barabara iendayo Kangundo, ukishapita Kayole na kabla ya kufika Ruai. Ni mahali pa machimbo ya mawe, udongo mweusi ushikao viatu wakati wa mvua, na nyumba za kupanga ziongezekazo kila mwaka. Wako wenye ploti ya kutosha kufuga kuku na mbuzi wawili watatu, na wako wenye chumba kimoja na kibaraza tu.

Wengi wetu hulipwa kwa siku: mwashi, mchimba mawe, makanga wa matatu, mama afuaye nguo za watu. Alipwaye kwa siku hununua kwa siku. Hununua mafuta ya kupima, unga wa kupima, na sukari iliyofungwa kidogo kidogo. Hata mboga yetu kubwa ina hesabu ndani ya jina lake: sukuma wiki, yaani mboga ya kuisukuma wiki mpaka fedha zipatikane tena.

Lakini wewe uliye na shamba usidhani kwamba somo hili si lako. Mkulima auzaye maziwa yote asubuhi, kisha jioni akawanunulia watoto soda, yuko darasa moja na sisi wa Njiru. Na yule auzaye mayai yote ili anunue mkate mweupe, yeye hukaa dawati la mbele.

DAFTARI LILISEMA NINI

Sisi ni watu watano: baba, mama na watoto watatu. Wiki ile tulitumia shilingi 3,950 kwa chakula. Mgawanyo wake ulikuwa hivi:

Chakula kilichopikwa nyumbani: shilingi 2,450.
Chakula changu cha mchana kibandani, siku 5 kwa shilingi 180: shilingi 900.
Biskuti, soda, krispi na mandazi: shilingi 600.

Jumlisha mwenyewe, msomaji. Utaona kwamba shilingi 1,500, yaani zaidi ya theluthi moja ya fedha zote, hazikufika katika sufuria ya nyumbani. Na mlaji wa sehemu kubwa ya fedha hizo nilikuwa mimi. Mimi nilikula wali na nyama mchana, hali mtoto aliyekuwa akikonda alikunywa chai. Hakuna aliyenificha jambo hilo, wala mimi sikumficha mtu. Ni kwamba halikuwa limeandikwa, na jambo lisiloandikwa halionekani.

Tukafanya mabadiliko mawili tu. Kwanza, mimi nilianza kubeba chakula kutoka nyumbani siku 4, nikabakisha Ijumaa ya kula na wenzangu kibandani. Nikaokoa shilingi 720. Lakini sufuria ya nyumbani iliongezewa kitu cha shilingi 200 ili initoshe na mimi, basi akiba ya kweli ilikuwa shilingi 520. Pili, vile vitu vya dukani vya shilingi 600 tulivipunguza vikawa vya shilingi 200, tukanunua ndizi na parachichi za shilingi 150. Hapo tuliokoa shilingi 250. Jumla ni shilingi 770 kwa wiki.

Katika hizo 770 tulinunua mayai 10 kwa shilingi 180, omena wa shilingi 100, na maziwa ya mtoto ya shilingi 240. Hizo ni shilingi 520. Zilizobaki, shilingi 250, tuliziweka akiba. Kwa mwaka wa wiki 52, shilingi 250 kila wiki ni shilingi 13,000. Bei hizi ni za daftari letu. Za kwako ni nyingine, lakini njia ya kuhesabu ni ileile.

Basi shika neno hili, ndilo kiini cha somo: afya, akiba na amani ya nyumba si watu watatu wanaogombania shilingi moja. Zikipangwa pamoja, kwa wiki na si kwa siku, watu wote wa nyumba wakiwapo, shilingi ileile hufika mbali zaidi. Sisemi kwamba daftari huzaa fedha. Iko nyumba ambayo kazi imekosekana kabisa, na hapo hesabu peke yake haitoshi. Mwenye shida hiyo asione haya kumwita mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, ambaye huweza kumpima mtoto mkono kwa utepe na kumwelekeza mama mahali pa msaada.

KAZI TATU ZA CHAKULA

Kabla ya kununua, yafaa kujua kazi ya kila chakula. Ziko tatu.

Kuna vyakula vya kutia nguvu: ugali, wali, viazi, chapati, mihogo, pamoja na mafuta na sukari. Hivi huushibisha mwili na kuupa nguvu za kazi. Katika nyumba nyingi havikosekani.

Kuna vyakula vya kujenga mwili: maharagwe, ndengu, kunde, njugu, mayai, maziwa, omena na nyama. Hivi humkuza mtoto na kutengeneza mwili wa mgonjwa na wa mama mjamzito. Watu wengi hufikiri kwamba ni nyama tu ijengayo. Sivyo. Mahindi yana upungufu fulani, na maharagwe yana upungufu mwingine. Lakini vikiliwa pamoja, kimoja hutimiza pungufu la kingine. Ndiyo maana githeri, ambayo Wakamba huiita isyo, si chakula cha kudharauliwa. Wazee walioipika hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na akili.

Kuna vyakula vya kulinda mwili: mboga za majani na matunda. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Hapa tuna bahati kubwa. Managu, terere, saga, kunde na mrenda zilidharauliwa miaka mingi, zikaitwa magugu na chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa chuo kikuu cha JKUAT kule Juja, amefanya kazi ya miaka mingi juu ya mboga hizi, akaonyesha jinsi zilivyo na utajiri wa madini na vitamini, nazo zimerudi sokoni kwa heshima. Basi usile sukuma wiki peke yake siku zote, badilisha.

Neno moja juu ya chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate vizuri madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe, na madini hayo ndiyo yaongezayo damu. Chungwa, nyanya au ndimu, kinyume chake, huusaidia mwili kuyapata. Kwa hiyo ngoja saa moja au mbili baada ya chakula ndipo unywe chai yako. Na mtoto mdogo usimpe chai hata kidogo.

KUNUNUA KWA PAMOJA

Wasemao maskini hununua kwa bei rahisi hawajahesabu. Anunuaye kidogo kidogo mara nyingi hulipa zaidi. Tufanye hesabu ya mfano.

Tuseme nusu kilo ya maharagwe kibandani ni shilingi 100. Tuseme tena gunia la kilo 90 kule Nyamakima, mahali pa nafaka katikati ya jiji, ni shilingi 12,600, na gharama ya kulileta mpaka Njiru ni shilingi 900. Jumla ni shilingi 13,500, yaani shilingi 150 kwa kilo. Nyumba 6 zikishirikiana, kila moja itapata kilo 15 kwa shilingi 2,250. Kilo 15 hizohizo zikinunuliwa kwa nusu kilo zitagharimu shilingi 3,000. Faida ni shilingi 750 kwa kila nyumba.

Mtu atasema, "Hizo shilingi 2,250 nitazitoa wapi kwa mara moja?" Zitoke katika akiba. Shilingi 250 kwa wiki 9 ni shilingi 2,250 kamili. Na ukishapata kilo 15, ukapika nusu kilo mara 4 kwa wiki, zitakaa wiki 7 na nusu. Katika muda huo, zile shilingi 400 ulizokuwa ukinunulia maharagwe kila wiki ziweke kando; zitafika shilingi 3,000, za kununua fungu la pili na kubakisha 750. Ni mara ya kwanza tu iliyo ngumu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Chama cha namna hii kiwe na watu wachache wanaojuana, daftari moja, na siku moja ya kukutana. Fedha zihesabiwe mbele ya wote. Fedha za maharagwe zisikopeshwe kwa jambo jingine, hata kama mwombaji ni rafiki. Na deni la simu lisitumike kununua chakula cha kila siku, kwa maana chakula huisha leo na deni huamka kesho.

Nafaka ikifika nyumbani, itunze. Mwaka 2004, katika Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga. Basi nunua nafaka kavu, ichague kwa mkono, utupe punje zilizoota kuvu au kugeuka rangi. Weka gunia juu ya mbao, si sakafuni, wala lisiguse ukuta. Maharagwe makavu sana yakitiwa katika mtungi wa plastiki ulio mkavu, ukajazwa mpaka juu na kufungwa kabisa, wadudu hukosa hewa wakafa.

Habari za unga ni hizi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani utiwe vitamini na madini. Unga wa kinu cha mtaani hautiwi, lakini usiokobolewa una kiini cha mahindi ambacho ni chakula chema. Ukiupenda huo wa kinu, saga kidogo kidogo kwa maana hauwezi kukaa sana, na uhakikishe kwanza kwamba mahindi ni safi.

KUPIKA BILA KUPOTEZA

Maharagwe hayapikwi mara nyingi kwa sababu hula makaa na gesi. Dawa yake ni hii. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yaoshe, uyachemshe kwa nguvu nusu saa. Kisha funika sufuria vizuri, uitie katika kikapu kikubwa kilichojazwa matambara au blanketi kuukuu pande zote, juu ukandamize kwa mto. Moto uliomo ndani utaendelea kuyapika saa kadhaa, nawe umekwenda kazini. Ukirudi yachemshe tena, uyaunge. Ukipika ya siku mbili kwa pamoja, makaa yamepungua zaidi.

Atumiaye jiko la makaa akumbuke jambo la uhai. Usiliingize jiko lenye moto ndani ya nyumba iliyofungwa, wala usilale nalo ili kupata joto. Hewa yake haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mboga ioshwe kabla ya kukatwa, si baada. Mama mboga hutukatia sukuma wiki nyembamba ili kuturahisishia kazi, nasi twamshukuru. Lakini ikishakatwa, ukiiosha, nguvu zake huondoka na maji. Inunue nzima, uioshe, uikate, uipike muda mfupi kwa mafuta kidogo. Chumvi nayo ipungue. Kipimo cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyomo katika vikolezo vya pakiti.

BUSTANI YA GUNIA

Asiye na shamba anaweza kuwa na gunia. Chukua gunia, changanya udongo na mbolea iliyooza vizuri. Udongo wetu mweusi hushika maji kupita kiasi, basi uongeze mchanga kidogo. Weka mkebe usio na kitako katikati ya gunia, uujaze kokoto, kisha jaza udongo kuuzunguka. Uvute mkebe juu, ujaze tena kokoto na udongo, mpaka gunia lijae. Hivyo kutakuwa na nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji. Toboa matundu ubavuni, panda miche ya sukuma wiki, na juu panda terere au kitunguu cha majani. Maji uliyooshea mboga yanafaa kulinyweshea. Njia hii ilienea sana kule Kibera, mahali penye nafasi ndogo kuliko kwetu. Kilimo cha mjini kina sheria yake ya Kaunti ya Nairobi tangu mwaka 2015. Kwa hiyo usiogope kufika ofisi ya kilimo kuomba shauri.

Lakini hapa nasema kwa mkazo. Mto Nairobi hutufikia baada ya kupita katikati ya jiji, mitaani, na kando ya jaa la Dandora. Usinyweshee mboga kwa maji yake, wala kwa maji taka, wala usichukue udongo wa jaani kwa kuuona mweusi na wenye rutuba. Vijidudu huenda vikaondoka kwa kuosha na kupika, lakini madini yenye sumu, kama risasi, huingia ndani ya jani lenyewe, nayo hudhuru akili ya mtoto. Mboga rahisi ya namna hiyo ni ghali.

KUGAWA SAHANI

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wanaume hatupendi kulisikia. Katika nyumba nyingi baba hupewa kipande kikubwa, wageni hufuata, na watoto hupata mchuzi. Heshima ni njema, lakini mwili haujui heshima. Ahitajiye zaidi chakula cha kujenga ni mtoto anayekua, mama mjamzito na mama anyonyeshaye. Yai likiwa moja, ni la mtoto.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hutoshwa na maziwa ya mama peke yake. Akitimiza miezi 6 aanzishwe chakula, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Tumbo lake ni dogo, basi uji mwepesi humjaza maji tu. Uji wake uwe mzito wa kukaa kijikoni, wenye maziwa, au omena waliosagwa, au njugu zilizosagwa laini; na ale kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Ampe mtu aliye na subira, si mtoto mwenzake.

Kwa wale wa shule, Kaunti ya Nairobi ilianzisha mwaka 2023 mpango wa Dishi na County, ambao mwanafunzi wa shule ya umma hupata chakula cha mchana kwa shilingi 5. Shilingi 5 hiyo usimpe mtoto pamoja na nyingine 20 za krispi, kwa maana atakula krispi kwanza na chakula atakibakisha.

KIKAO CHA JUMAMOSI

Mpango wote huu husimama juu ya kikao kimoja cha nusu saa. Sisi tulichagua Jumamosi jioni. Baba aseme fedha alizo nazo, mama aseme za kwake. Asiwepo wa kuficha. Daftari lisomwe. Kisha ratiba ya wiki iandikwe, na kila mtoto achague chakula kimoja. Nimeona kwamba mtoto aliyechagua mwenyewe hakatai sahani. Ratiba yetu ya kwanza ilikuwa hii, nawe waweza kuibadilisha:

Jumatatu: githeri yenye sukuma wiki.
Jumanne: ugali, omena na terere.
Jumatano: wali, ndengu na kabichi.
Alhamisi: ugali, managu na mayai.
Ijumaa: viazi vitamu, maharagwe na kunde.
Jumamosi: chapati na ndengu, chaguo la watoto.
Jumapili: ugali, nyama nusu kilo na mboga mbili.

Asubuhi ni uji wa wimbi, na kila siku tunda moja la msimu.

Sitasema kwamba mambo yalikwenda sawa tangu mwanzo. Wiki ya pili nilisahau chakula changu mezani siku mbili, nikarudi kibandani. Binti yetu mkubwa aliona haya kwa sababu nyumba ya jirani hunywa soda kila siku. Siku moja maharagwe yalichacha kwa sababu hatukuyachemsha tena jioni. Yote tuliyaandika, na Jumamosi tuliyasoma bila kugombezana. Kwa maana kikao kikigeuka mahakama, Jumamosi ifuatayo hakuna atakayehudhuria.

Mwezi wa pili mke wangu alirudi tena kutoka kliniki. Hakusema kitu, alikiweka kijitabu mezani kikiwa kimefunuliwa. Mstari ulikuwa umeanza kupanda. Na Ijumaa, msomaji, bado ninakula nyama yangu kibandani pamoja na wenzangu, tena nimeona kwamba ina ladha kuliko ilivyokuwa nilipoila kila siku.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI AU KATIKA CHAMA

1. Wiki iliyopita, ni shilingi ngapi za chakula hazikufika katika sufuria ya nyumbani? Nani alizila?
2. Taja kazi tatu za chakula. Katika chakula cha jana jioni, ni kazi ipi iliyokosekana?
3. Gunia la ndengu la kilo 90 likigharimu shilingi 14,400 pamoja na kulileta, nyumba 8 zikigawana, kila moja italipa kiasi gani? Kilo moja itakuwa shilingi ngapi?
4. Mboga unayonunua ilinyweshewa maji gani? Uliza.
5. Mara ya mwisho yai lilipokuwa moja, lilikwenda kwenye sahani ya nani?

Jibu la swali la tatu ni shilingi 1,800 kwa kila nyumba, na shilingi 160 kwa kilo. Majibu ya maswali mengine yamo nyumbani kwako. Chukua daftari.